Kupanda Mlima Meru kwa miguu: jinsi ya kupanga safari kutoka Momella hadi Kilele cha Ujamaa

Mlima Meru una urefu wa mita 4,566 na ni wa pili kwa urefu nchini Tanzania. Kwa sababu hiyo ya kuwa wa pili, wapandaji wengi huuchukulia kuwa zoezi la kujiandaa na Kilimanjaro, na mtazamo huo ndio unaozaa mipango mingi mibovu. Meru ni volkano yenye tabia yake: upande wake wa mashariki uliporomoka maelfu ya miaka iliyopita, ukaacha kreta iliyo wazi, na njia ya kufika kileleni hufuata ukingo wa kreta hiyo, tena usiku, juu ya majivu na mawe yaliyolegea. Mwongozo huu ni kwa yeyote anayetaka kutembea ndani ya Hifadhi ya Taifa Arusha, na hasa anayekusudia kufika kileleni. Ushauri wake wote umejengwa juu ya jambo moja, kwamba kila uamuzi unaofanywa kabla ya safari, kuanzia idadi ya siku hadi kiasi cha maji kitakachobebwa, upimwe kwa kuuliza utamfaa vipi mpandaji katika zile saa chache za usiku akiwa juu ya ukingo.

Umbo la mlima na maana yake kwa mtembeaji

Ukisimama kwenye lango la Momella, katika mwinuko wa mita 1,500, na kutazama magharibi asubuhi kabla mawingu hayajatanda, utauona mlima mfano wa bakuli lililomeguka upande mmoja. Ukuta wa ndani wa kreta huinuka takriban mita 1,500 kutoka sakafuni, na ndani yake imesimama Koni ya Majivu, yenye kimo cha mita 3,667 juu ya usawa wa bahari, iliyojengwa na milipuko iliyofuata baada ya maporomoko. Kifusi cha upande uliobomoka kilisambaa kuelekea mashariki, na vile vilima vidogo vidogo unavyoviona karibu na lango, pamoja na mabonde yaliyojaa maji na kuwa maziwa ya Momella, ni mabaki yake. Mlipuko wa mwisho uliorekodiwa ulitokea mwaka 1910, nao ulikuwa mdogo. Volkano imelala tu, haijafa. Hata hivyo kinachomtishia mpandaji wa leo si moto wa ardhini, bali ardhi ambayo moto huo uliiacha.

Majivu ya volkano hayashikamani. Mchana, yakiwa makavu, mguu huzama na kuteleza kurudi nyuma, hata hatua moja ikawa nusu hatua. Usiku wa manane, unyevu uliomo ndani yake unapoganda kwa baridi, huwa magumu na kukanyagika vizuri zaidi. Hii ni mojawapo ya sababu za kuanza safari ya kileleni usiku, na si desturi tu ya kutaka kuona jua likichomoza, ingawa mandhari ya Kilimanjaro kutoka huko juu, umbali wa kilomita 70 hivi, yanatosha kumwamsha mtu yeyote. Sababu nyingine ni mawingu, ambayo mara nyingi huanza kupanda kutoka bondeni kadiri asubuhi inavyosonga, na kwenye ukingo mwembamba ukungu ni hatari kuliko giza, kwa kuwa tochi hushinda giza lakini haifui dafu mbele ya ukungu.

Miamba hiyohiyo inaathiri pia maji. Mawe na majivu ya volkano hunyonya mvua haraka, kwa hiyo vijito unavyovikuta msituni hupotea kadiri unavyopanda, na kutoka kambi ya juu hadi kileleni hakuna mahali pa kuchota. Aidha, maji ya maeneo mengi yanayouzunguka Meru yana floraidi nyingi inayotoka katika miamba hiyo. Kuyachemsha hakuiondoi, kwa sababu mvuke huondoka na floraidi hubaki. Mgeni wa siku nne hana haja ya kuwa na wasiwasi nayo, kwa kuwa madhara yake kwenye meno na mifupa hutokana na kunywa maji hayo kwa miaka. Vijidudu vya tumbo ndivyo vinavyoharibu safari, na hivyo huuawa kwa kuchemsha au kwa vidonge vya kutibu maji.

Msimu na idadi ya siku

Mvua za masika hunyesha kuanzia Machi hadi Mei, na za vuli Novemba na Desemba. Katika masika njia za msituni huwa utelezi mtupu, na mawingu yanaweza kuufunika mlima siku nzima. Miezi ya Juni hadi Oktoba ndiyo ya kutegemewa zaidi, na Januari na Februari nayo hufaa, pengine kwa baridi iliyopungua kidogo. Ningeongeza kigezo ambacho wapangaji wengi hukisahau, nacho ni mwezi. Ukiweza kupanga usiku wa kupanda kileleni uangukie siku mbili tatu kabla au baada ya mwezi mpevu, utaona ukingo mzima mbele yako badala ya duara dogo la mwanga wa tochi, na mtu anayeogopa vilele vyembamba hutulia zaidi anapoona njia inakoelekea.

Kuhusu idadi ya siku, safari huuzwa kwa siku tatu au nne, na tofauti yake hudhaniwa kuwa ya bei tu. Katika safari ya siku tatu, mpandaji huamka usiku wa manane kwenye Saddle, kambi ya juu, hupanda takriban mita 1,000 hadi kileleni, kisha siku hiyohiyo hushuka mita 3,066 hadi langoni. Katika safari ya siku nne huishia Miriakamba, kambi ya chini, yaani hushuka mita 2,052, na kulala. Magoti hayasahau tofauti hiyo. Ajali za milimani hutokea sana wakati wa kushuka, ambapo miguu imechoka na akili imeshajiona imemaliza kazi, kwa hiyo siku ya nne si ya anasa bali ni sehemu ya usalama.

Hata hivyo siku nne haziondoi tatizo la mwinuko. Kanuni inayotolewa na madaktari wa milimani ni kwamba ukishavuka mita 3,000, mahali pa kulala pasipande zaidi ya mita 500 kwa usiku mmoja. Miriakamba iko mita 2,514 na Saddle iko mita 3,570. Tofauti ni mita 1,056, na hakuna kambi kati yake. Kwa maneno mengine, Meru inavunja kanuni hiyo kwa jinsi makambi yake yalivyopangwa, na mpandaji hana budi kuifidia kwa njia nyingine. Fidia iliyo bora, kwa anayeweza kulipia, ni kulala usiku wa pili Miriakamba na kuitumia siku hiyo kutembea hadi sakafu ya kreta na kurudi. Asiyeweza ahakikishe kwamba mchana wa kufika Saddle anapanda Meru Ndogo, kilele kidogo cha karibu chenye mita 3,820, kisha anarudi kulala chini yake. Mwili huanza kuzoea hewa nyembamba kutokana na mwinuko uliofikiwa mchana, ilhali usingizi katika mwinuko wa chini humpa nafuu.

Vibali, askari na kikundi

Hifadhi inasimamiwa na Shirika la Hifadhi za Taifa Tanzania, TANAPA. Ilianzishwa mwaka 1960 kwa jina la Kreta ya Ngurdoto, na mwaka 1967, baada ya mlima kuunganishwa nayo, ikapewa jina la Arusha. Kutoka barabara kuu ya Arusha na Moshi unachepuka kuelekea kaskazini karibu na Usa River, unapita lango la Ngurdoto na kuendelea hadi Momella, ambako ndiko safari zote za kileleni huanzia. Njia za upande wa magharibi ambazo wenyeji wanaweza kukuonyesha haziruhusiwi kwa wapandaji, na anayepita huko hupita bila kibali, bila ulinzi na bila mtu anayejua aliko.

Ada za kiingilio, za kulala kambini na za uokoaji hulipwa kwa mfumo wa kielektroniki, si kwa fedha taslimu langoni, hivyo malipo yakamilishwe kabla. Raia wa Afrika Mashariki hulipa viwango vya chini kuliko wageni wengine, na ni lazima waonyeshe kitambulisho. Kumbuka pia kwamba mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku nchini tangu Juni 1, 2019. Panga vitu vyako katika mifuko ya kitambaa.

Kila kikundi hufuatana na askari wa hifadhi mwenye silaha, kwa sababu nusu ya chini ya mlima ni makazi ya nyati, tembo na chui. Hili halina mjadala, na pia lina athari ambayo wengi huigundua wakiwa wameshachelewa: askari mmoja anaweza kupewa wapandaji kutoka vikundi kadhaa, na watu hao wote watatembea kwa mwendo wa mmoja. Jambo muhimu kuliko yote ya kuuliza kampuni itakayokuhudumia ni hili: usiku wa kileleni, mtu mmoja akishindwa, nani atamrudisha kambini? Ikiwa jibu ni kwamba kikundi chote kitarudi, au kwamba aliyeshindwa atasubiri njiani, tafuta kampuni nyingine, au lipia mwongozaji wa pili. Mtu anayesubiri kwenye baridi kali akiwa tayari anaumwa kichwa hali yake huzidi kuwa mbaya, na mtu mwenye ugonjwa wa mwinuko anayelazimishwa kuendelea ili asiwaharibie wenzake safari anahatarisha uhai wake.

Ulizia pia idadi ya wapagazi, uzito watakaobeba na malipo yao. Hifadhi huweka kikomo cha uzito, na kampuni inayotoza bei ya chini sana kwa kawaida imepunguza gharama hapo. Bahshishi ipangwe mapema na iwekwe kando, ili mwisho wa safari isiwe ni kupekua mifuko.

Mwili na mzigo

Kwa mtu mwenye afya ya kawaida, wiki nane za mazoezi zinatosha, mradi ziwe za aina inayofaa. Kukimbia barabarani hujenga pumzi lakini hakuandai mapaja kwa saa sita za kushuka. Panda na kushuka ngazi au kilima ukiwa na begi lenye uzito wa kilo sita au saba, na usiharakishe unaposhuka, kwa kuwa hapo ndipo misuli inayozuia mwili usiporomoke inapojengeka. Mwenye ugonjwa wa moyo, wa mapafu, selimundu au ujauzito amwone daktari kabla ya kulipa chochote. Daktari huyohuyo ndiye wa kuulizwa kuhusu asetazolamaidi, dawa inayousaidia mwili kuzoea mwinuko, ambayo huanza kunywewa kabla ya kufika juu na ambayo haifai kwa baadhi ya watu wenye mzio wa dawa za salfa.

Joto hupungua kwa nyuzi sita hivi kwa kila mita 1,000 unazopanda. Ikiwa Momella kuna nyuzi 12 alfajiri, kileleni patakuwa chini ya sifuri hata kabla ya kuhesabu upepo. Kwa hiyo nguo zivaliwe kwa tabaka: ya ndani inayokausha jasho, ambayo kamwe isiwe ya pamba, ya kati yenye joto, na ya nje inayozuia upepo na mvua. Chukua glavu jozi mbili, nyepesi na nzito, kwa sababu kuna sehemu utakazoshika mwamba kwa mikono na glavu nzito hazishiki vizuri. Buti ziwe zimeshavaliwa na kuuzoea mguu. Vikinga vya kitambaa vinavyofunika sehemu ya juu ya buti vinafaa sana Meru kuliko milima mingi, kwa kuwa wakati wa kushuka majivu na vijiwe huingia ndani ya viatu kila dakika. Fimbo mbili za kutembelea ni za lazima kwa mwenye magoti yenye historia, nami ningezipendekeza kwa kila mtu.

Kambi zina nyumba zenye vitanda na magodoro, hivyo hema halihitajiki, lakini mfuko wa kulalia wenye uwezo wa kuhimili baridi chini ya sifuri unahitajika. Tochi ya kichwani iwe na betri za akiba, na betri hizo zilale nawe ndani ya mfuko, kwa kuwa baridi huzimaliza nguvu. Maji ya usiku wa kileleni yasipungue lita mbili. Chupa ibebwe ikiwa imegeuzwa mdomo chini, kwa sababu barafu huanzia juu, nayo mirija ya kunywea isitegemewe kwa kuwa huganda mapema.

Kutoka Momella hadi Miriakamba

Kuna njia mbili za kufika kambi ya kwanza. Ile fupi ya kaskazini inakadiriwa kuwa kilomita sita na inapanda moja kwa moja kupitia mbuga ndogo wanakolisha twiga, nyati na ngiri, kisha msitu. Ile ndefu ya kusini hufuata barabara ya gari, inapita chini ya mtini mkubwa ambao mizizi yake imeacha upinde ambao tembo anaweza kupita ndani yake, na inazidi mara mbili ya urefu wa ile fupi. Nashauri kupanda kwa njia ndefu na kushuka kwa njia fupi, kwanza kwa sababu mwinuko hupatikana polepole, na pili kwa sababu msitu wa upande huo ni mzuri zaidi: mitarakwa mirefu iliyoning'inia nyuzi za kijivu, mbega weusi kwa weupe wakiruka juu, na hondohondo wanaosikika kabla hawajaonekana. Uamuzi wa mwisho, hata hivyo, ni wa askari, ambaye anajua nyati walipo siku hiyo.

Tembeeni kwa mstari mmoja nyuma yake na msimpite, hata kwa ajili ya picha. Nyati dume aliye peke yake ana hatari kuliko kundi, na katika vichaka vinene anaweza kuwa umbali wa hatua ishirini bila kuonekana. Askari akisimama, simama. Akiashiria kurudi nyuma, rudi taratibu bila kukimbia na bila kupiga kelele. Haja ndogo njiani nayo hutolewa taarifa, kwa sababu kuingia kichakani peke yako ndiyo njia rahisi kabisa ya kumshtua mnyama.

Mwendo sahihi wa siku hii ni ule unaokuwezesha kuzungumza sentensi nzima bila kukata pumzi. Ukihema kiasi cha kushindwa kuzungumza, unatumia akiba utakayoihitaji siku mbili zijazo.

Kutoka Miriakamba hadi Saddle

Hii ni safari ya saa tatu hadi tano, na ndiyo yenye ngazi nyingi kuliko zote. Unapita Topela Mbogo, sehemu ya kinamasi ambayo nyati huipenda, kisha Mgongo wa Tembo, kwenye mita 3,200 hivi, ambako msitu huanza kuachia vichaka vifupi na ukuta wa kreta huonekana wazi kwa mara ya kwanza. Wengi huanza kuhisi kichwa kuwa kizito baada ya hapo. Kunyweni maji kidogo kidogo kila mara, na mle hata kama hamu imepungua, hasa vyakula vya wanga.

Mkifika Saddle kabla ya saa nane mchana, pumzikeni saa moja, kisha pandeni Meru Ndogo. Ni saa moja au zaidi kidogo, ardhi yake si ngumu, na wakati mwingine mbuzi mawe huonekana kwenye miamba. Wapo watakaopendekeza kuiacha ili kuhifadhi nguvu, nami sikubaliani nao: mita 250 za ziada mchana huu zina faida kubwa kuliko saa mbili za kujilaza. Anayepaswa kubaki kambini ni yule ambaye tayari ana dalili.

Dalili hizo zieleweke vizuri. Kichwa kuuma, kichefuchefu, uchovu usio wa kawaida na kukosa usingizi ni ugonjwa wa mwinuko wa hali ya chini, na mwenye nao hapaswi kupanda zaidi mpaka upungue. Ukimwona mwenzako akiyumba kama mlevi, akishindwa kutembea kwa kuweka kisigino mbele ya vidole kwenye mstari ulionyooka, au akijibu maswali kwa kuchanganyikiwa, hiyo ni dalili ya ubongo kuvimba. Akihema kwa shida hata akiwa ameketi, akikohoa kikohozi chenye majimaji, mapafu yake yanajaa maji. Katika hali hizo mbili hakuna kusubiri asubuhi. Mgonjwa hushushwa mara moja, usiku huohuo, akisindikizwa. Dawa za kutuliza maumivu zinaweza kuficha kichwa kinachouma bila kutibu chanzo chake, kwa hiyo anayezimeza amwambie mwongozaji.

Usiku wa ukingo

Safari huanza kati ya saa saba na saa nane usiku. Kuleni kitu chepesi, vaeni nguo pungufu kidogo ya mnavyotamani, kwa sababu dakika ishirini za kupanda zitawatoa jasho na jasho likikutana na upepo wa juu huwa baridi kali, na wekeni koti zito juu kabisa ya begi.

Sehemu ya kwanza, hadi Rhino Point kwenye mita 3,800 hivi, ni mzunguko wa njia zilizokatwa kwenye mteremko mkali. Baada ya hapo njia hushuka kidogo na kuvuka mabamba ya mwamba ambapo mikono hutumika. Hapa ndipo wenye hofu ya vimo husita, na hakuna aibu katika hilo. Fungeni fimbo kwenye begi, geuzeni uso kuelekea mwamba, na mkono mmoja usiachie mpaka miguu yote miwili iwe imetulia. Mwamba ukiwa na barafu au umelowa mvua, mwongozaji ndiye anayeamua kama panapitika, na uamuzi wake haulipiwi fidia wala kujadiliwa.

Kisha huja ukingo wenyewe, mrefu, ukipinda taratibu kutoka magharibi kuelekea kusini. Kushoto kwako, gizani, ni kreta. Kulia ni mteremko wa nje wa mlima. Njia yenyewe mara nyingi ina upana wa kutosha, ila majivu yamelegea na huvuta mguu kuelekea chini. Kanyaga kwa wayo mzima, si kwa vidole, na ufuate nyayo za aliye mbele yako kwa kuwa tayari zimeshindilia majivu. Ukihisi mguu unateleza, usirukie pembeni. Chuchumaa na uache mwili utulie. Mapumziko yawe mafupi, dakika tatu au nne, maana baada ya hapo baridi huingia mwilini na kuanza tena huwa vigumu kuliko kuendelea. Kanuni ya polepole ni ya kufuatwa hapa kuliko mahali pengine popote: kwenye mita 4,566 shinikizo la hewa liko chini kidogo ya asilimia 60 ya lile la pwani, na kila pumzi huleta oksijeni pungufu kwa kiwango hichohicho.

Cobra Point, kwenye mita 4,350, ndipo pa kufanyia hesabu. Kilele kinaonekana kuwa karibu, lakini kimebakiza saa moja au zaidi ya kupanda miamba, na ndipo wengi huishiwa nguvu. Jiulizeni kama kila mmoja ana nguvu ya kushuka, si ya kupanda tu, kwa sababu kilele ni nusu ya safari. Wekeni pia saa ya kugeuka kabla ya kuondoka kambini. Mimi ningesema saa tatu asubuhi, popote mtakapokuwa. Kuiweka mkiwa kambini mmeshiba ni rahisi. Kuipanga mkiwa mita 100 chini ya kilele hakuna anayeweza kwa akili timamu.

Kileleni, dakika kumi na tano zinatosha. Bendera, kibao na picha havikimbii, lakini joto la mwili hukimbia.

Kushuka

Mwanga wa mchana hukuonyesha kilichokuwa kushoto kwako usiku, na kwa wengine hiyo ndiyo sehemu ya kutisha zaidi. Sasa kreta iko kulia. Ongezeni nafasi kati ya mtu na mtu, kwa sababu jiwe linalong'olewa na aliye juu huwafikia walio chini. Anayelisababisha apige kelele papo hapo. Refusheni fimbo kidogo, kunjeni magoti, na msikimbilie kwenye majivu hata kama wengine wanateleza kwa raha. Kwenye mabamba ya Rhino Point rudieni utaratibu wa usiku, bila kujali kwamba sasa panaonekana. Miwani ya jua na mafuta ya kukinga ngozi yawe yameshapakwa kabla ya saa mbili asubuhi, maana jua la mwinuko huu huunguza hata kukiwa na baridi.

Mkifika Saddle, kuleni chakula cha moto na mpumzike walau saa moja kabla ya kuendelea Miriakamba. Ngazi za sehemu hiyo, ambazo wakati wa kupanda zilikuwa za kuchosha tu, sasa zitayapima magoti. Shukeni mkiwa mmegeuza ubavu pale hatua zinapokuwa ndefu. Kesho yake, njia fupi hadi Momella huchukua saa mbili hadi tatu, mkiwa bado nyuma ya askari, kwa kuwa nyati hawajui kwamba safari yenu imekwisha.

Kwa asiyekwenda kileleni

Matembezi ya siku moja hayahitaji maandalizi hayo yote, ila askari bado ni wa lazima popote nje ya gari. Njia ya maporomoko ya Tululusia ni ya nusu siku na inafaa hata kwa watoto wakubwa. Kando ya maziwa ya Momella, ambayo maji yake ya magadi hutofautiana rangi kwa kadiri ya mwani uliomo, heroe huonekana kwa wingi katika baadhi ya misimu. Kreta ya Ngurdoto hutazamwa kutoka ukingoni pekee, kwani kushuka ndani yake hakuruhusiwi.

Aliyepanda Meru na anakusudia kuendelea Kilimanjaro asichelewe. Mazoea ya mwinuko hupungua ndani ya wiki moja au mbili za kukaa chini, hivyo siku mbili au tatu za kupumzika, kufua nguo na kuponya malengelenge zinatosha, na buti zisafishwe majivu kabla hayajakausha ngozi yake.